Pikipiki kwa Ajili ya Macho ya Askari Wazee

USALAMA NA AFYA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Pengine katika kartie yenu yuko mzee ambaye watu wanamwita Kaporali au Serja. Zamani alivaa kombati na buti. Leo anatembea na fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika bega la mjukuu wake. Watu wanamsalimu mzee, na kila mtu anamsikitikia. Lakini umewahi kumtazama yule mtoto? Ni saa tatu asubuhi, na wenzake wako masomoni. Yeye yuko barabarani, kwa sababu yeye ndiye macho ya babu. Mzee mmoja akipofuka, watu wawili wanapoteza njia.

Leo tunataka kukuonyesha jambo moja ambalo wafanyakazi wa Kalemie wanaweza kulifanya bila kungoja mtu kutoka mbali: safari ya pamoja ya pikipiki ya kukusanya feza kwa ajili ya askari wazee waliopoteza macho. Pikipiki hazikosekani kwetu. Zinapeleka watu sokoni, wagonjwa hospitalini na ndakala majumbani. Kwa asubuhi moja tu zinaweza kupeleka pia msaada. Lakini kazi hii inataka akili, hesabu safi na usalama. Soma mpaka mwisho, kisha uzungumze na wenzako kazini.

TUNA DENI GANI KWA ASKARI HAO?

Mji wetu unajua vita tangu zamani. Mwaka 1915, mashua mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilifika hapa kwetu kwa reli. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Baadaye askari wa Force Publique, wana wa Kongo, wakaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwao. Nyuma yao walikuwa wapagazi, maelfu na maelfu, waliobeba masanduku ya risasi na chakula vichwani. Wengi hawakurudi, na majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Katika vita ya pili, askari wa Kongo walikwenda mpaka Abisinia, na tarehe 3 Julai 1941 jeshi la Waitaliano likajisalimisha kwao huko Saio. Hospitali ya jeshi kutoka Kongo ilihudumia majeruhi mpaka Burma. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa alimvisha nishani Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyekuwa katika vita ile.

Wa wakati ule karibu wote wamekwisha. Wazee tulio nao leo ni wa miaka ya karibu zaidi, walioitumikia nchi baada ya uhuru. Mmoja aliumizwa macho na kipande cha bomu, mwingine na baruti. Mwingine alirudi salama kabisa, kisha uzee ukaja na ukungu wake. Usiulize ni nani alipofuka vitani na ni nani alipofuka nyumbani. Giza halina cheo.

WENGINE WALIFANYAJE?

Mwaka 1915 bwana Arthur Pearson alifungua London nyumba ya askari waliopofushwa na vita. Iliitwa St Dunstan's, na tangu 2012 inaitwa Blind Veterans UK. Pearson alikuwa tajiri wa magazeti, na yeye mwenyewe alikuwa amepoteza macho kwa ugonjwa. Hakutaka askari wake waketi wakingoja sadaka. Aliwafundisha kusoma kwa vidole, kupiga mashine ya kuandika, kufuga kuku, kusuka vikapu na kukanda viungo vya wagonjwa. Shabaha yake ilikuwa hii: mtu arudi kwao akiwa na kazi mkononi.

Amerika, wakati wa vita ya pili, Richard Hoover alifanya kazi katika hospitali ya askari vipofu. Akaona kwamba fimbo fupi haiwafai. Akawapa fimbo ndefu, nyepesi, na akawafundisha kuipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu ili ijue shimo kabla ya mguu kufika. Leo vipofu wa dunia nzima wanatembea kwa namna hiyo. Unaona, msaada uliotafutwa kwa askari uliwafaa wote.

Karibu nasi, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu huko Thika, Kenya, mwaka 1946.

Na pikipiki je? Amerika, tangu 1988, maelfu ya waendesha pikipiki walikutana Washington kila mwaka katika safari iliyoitwa Rolling Thunder, ili askari waliotekwa na waliopotea vitani wasisahauliwe. Uingereza, watu wa mashindano ya pikipiki walianzisha shirika la Riders for Health. Walikusanya feza kwa wapenzi wa mbio, wakasaidia wauguzi wa Lesotho, Gambia na nchi nyingine za Afrika kufika vijijini kwa pikipiki zinazotunzwa vizuri. Fundisho lao kubwa lilikuwa rahisi: pikipiki isiyotunzwa haimsaidii mgonjwa, inamwongeza mgonjwa mwingine.

KABLA YA FEZA, MGANGA

Hapa watu wengi wanakosea. Wanakusanya feza, wananunua sabuni, sukari na kitenge, wanapiga picha, wanakwenda zao. Kesho mzee bado yuko gizani. Sisi tuanze upande mwingine. Kila mzee aonwe kwanza na mganga wa macho, kwa maana upofu si ugonjwa mmoja.

Mtoto wa jicho. Mboni inakuwa nyeupe kama maziwa, na macho yanazimika polepole bila maumivu. Huu ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wote duniani. Na habari njema ni hii: unaponyeshwa. Mganga anaondoa lenzi iliyoharibika na kuweka lenzi mpya. Kazi yenyewe kwa kawaida haifiki saa moja. Hakuna tone la dawa wala jani la kuondoa mtoto wa jicho. Ni kupasuliwa tu. Pengine yule mzee wa kartie yenu, aliyekaa miaka mingi katika giza, anakosa feza ya upasuaji na ya safari, basi.

Presha ya jicho. Hii inaiba macho kimya, kuanzia pembeni. Yaliyopotea hayarudi, lakini dawa inaweza kuokoa yaliyobaki. Kwa hiyo kuchelewa ni hasara.

Upofu wa mto. Unaletwa na mbu-nzi mdogo mweusi anayezaa penye maji yaendayo mbio, naye anauma mchana. Vidudu vinaingia mwilini, ngozi inawasha sana, na baada ya miaka macho yanaharibika. Dawa yake inaitwa ivermektini. Tangu 1987 kampani iliyoitengeneza inaitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Wagawaji wa dawa wanapopita na kijiti chao cha kupima urefu, usijifiche. Dawa hii hairudishi macho yaliyokwisha, bali inayalinda yaliyopo.

Jeraha na kovu. Aliyepigwa na kipande cha chuma au aliyetiwa dawa za kienyeji jichoni anaweza kuwa na kovu kwenye kioo cha jicho. Mganga ndiye atakayesema kama kuna njia.

Baada ya uchunguzi mtakuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya wazee wanaoweza kuona tena: feza iende kwenye upasuaji wao. Ya pili ni ya wale ambao hawataona tena: wao wanahitaji fimbo ndefu, mtu wa kuwafundisha kuitumia, na kazi ndogo ya mikono, kama kufuga kuku au kusuka. Na yule mjukuu anahitaji kurudi masomoni. Sasa mnajua mnakusanya feza gani, na kwa nani.

KAMATI NA HESABU

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagueni kamati ya watu 7: mkubwa wa kamati, mwandishi, mtunza feza, fundi wa pikipiki, mwuguzi, na askari wazee wawili walio vipofu. Hao wawili si wa kupamba meza. Wao ndio watakaosema wanachohitaji. Usimnyoe mtu akiwa hayupo.

Andikeni barua kwa ofisi ya meya na kwa polisi wa barabarani mapema, mwezi mmoja kabla, mkitaja siku, saa, njia na hesabu ya pikipiki. Mjulisheni pia shefu wa kartie. Msitokee barabarani kama maandamano yasiyo na mwenyewe.

Feza zitatoka wapi? Kila mwendeshaji atafute watu 5 wa kumwunga mkono: jirani, mwenye duka, ndugu wa kanisani au msikitini, bwana mkubwa wa kazi yake. Tufanye mfano. Pikipiki ni 40. Kila mwendeshaji ana watu wake 5, na kila mtu anatoa franka 5,000. Kwa pikipiki moja ni franka 25,000. Kwa pikipiki 40 ni franka 1,000,000. Hakuna aliyefilisika, na kapu limejaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Sheria za feza ni hizi:

Moja: kila anayetoa aandikwe jina na kiasi, mbele yake, na apewe karatasi yake.

Mbili: feza za simu ziingie katika namba moja inayojulikana na wote, na watu wawili wa kamati wakague kila jioni.

Tatu: esanse na chakula cha waendeshaji visitoke katika feza za macho. Kila mtu ajaze tenki lake mwenyewe. Anayetaka pombe baada ya safari ainunue kwa mfuko wake, na aiache pikipiki nyumbani.

Nne: kabla ya siku 7 kupita, hesabu isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, ili na wazee vipofu waisikie. Asiyeweza kuona karatasi ana haki ya kusikia tarakimu.

Kamati ikificha hesabu mara moja, mwaka unaofuata hata mtu mwema atafunga mlango. Na atakayeumia si mtunza feza, ni mzee.

SIKU NA NJIA

Chagueni siku ya yenga katika kiangazi, mwezi wa sita, wa saba au wa nane. Wakati wa mvua njia zetu zina matope na mashimo yaliyojificha chini ya maji. Mwanzo uwe asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya soko kujaa. Siku ya posho, yaani jana yake, mtu wa kamati aipite njia yote polepole na kuandika kila shimo, kila daraja, kila mahali pa watoto. Mnakumbuka mwaka 2024 maji ya ziwa yalivyopanda na kuingia majumbani. Njia uliyoipita mwaka jana si lazima iwe njia ya mwaka huu.

Njia isiwe ndefu. Kutoka upande wa stesheni ya reli, kupitia barabara Lumumba, mpaka uwanja ambapo wazee wanangoja, inatosha. Hatushindani. Tunataka watu watuone na waulize, "Hawa wanakwenda wapi?" Hapo ndipo mtajibu, na ndipo watatoa.

KANUNI 10 ZA MWENDESHAJI

1. Kofia ngumu, ile tunayoita kaske, kwa mwendeshaji na kwa abiria, imefungwa kidevuni. Kofia nzuri inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu 70 kwa mia. Iliyoning'inia kwenye usukani inaulinda usukani.

2. Miwani au kioo cha kofia mbele ya macho. Vumbi la kiangazi na wadudu vinaumiza. Itakuwa aibu kuchangia macho ya mzee na kuharibu yako siku hiyohiyo.

3. Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu. Ndara ziache nyumbani.

4. Fundi akague freni, taa, mnyororo na mipira jana yake. Pikipiki isiyo sawa haiingii safarini, hata kama ni ya mkubwa wa kamati.

5. Permi na karatasi za pikipiki ziwe mkononi.

6. Abiria ni mmoja. Si wawili, si mama na watoto watatu.

7. Mwendo usipite kilometa 30 kwa saa. Wa kwanza ni mtu mzima mwenye utulivu, na hakuna wa kumpita. Wa mwisho ni fundi mwenye vifaa.

8. Mwende katika mistari miwili iliyopishana, mmoja kushoto, mwingine kulia nyuma kidogo, na kati ya pikipiki na pikipiki muache nafasi ya kusimama.

9. Hakuna pombe tangu jioni ya jana yake. Anayenuka pombe asubuhi ashuke, na kamati isione haya kumwambia.

10. Mwuguzi na sanduku la dawa wawe karibu, na mtu mmoja awe amejulisha hospitali kabla.

UKIMCHUKUA MZEE ASIYEONA

Baadhi ya wazee watapenda kupanda nyuma na kusikia upepo. Vizuri, lakini ujue namna ya kumchukua.

Usimshike ghafla wala kumsukuma. Taja jina lako kwanza. Mpe kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua. Mwambie penye ngazi, penye mfereji, penye kupinda. Mkifika kwenye pikipiki, weka mkono wake juu ya kiti, kisha umwonyeshe kwa mkono mahali pa kukanyaga. Mwambie bomba la moshi liko upande gani, kwa maana halioni, nalo linaunguza mguu vibaya. Mfunge kofia yake mwenyewe umehakikisha. Njiani mwambie kabla ya kufunga freni na kabla ya kupinda, kwa sababu yeye hawezi kujiandaa kwa kuona. Mkifika, usimwache katikati ya watu na kwenda kupiga picha. Mkabidhi kwa mtu, umtaje jina mtu huyo.

Na uzungumze naye mwenyewe. Usimwulize mjukuu, "Babu anataka maji?" Mzee amepoteza macho, hakupoteza masikio wala heshima.

NA MACHO YAKO WEWE?

Ndugu mfanyakazi, askari hakuchagua kipande cha bomu. Lakini wewe kila siku unachagua kama utavaa miwani ya kazi au utaiweka mfukoni. Cheche ya mashine ya kunoa, kipande cha jiwe chini ya nyundo, mwanga wa kuchomelea vyuma, tone la asidi, vumbi la chokaa: hivi ndivyo vita vyetu. Miwani inakera, ndiyo. Inatoa jasho, ndiyo. Muulize kipofu kama jasho linakera kuliko giza.

Asidi au chokaa ikiingia jichoni, usikimbie kwanza kumtafuta mkubwa. Osha hapo hapo kwa maji safi mengi, jicho likiwa wazi, dakika 15 au zaidi, ndipo uende kwa mwuguzi. Chuma kikiingia ndani ya jicho, usisugue na usijaribu kukitoa. Lifunike bila kulibana, uende hospitali mara moja. Aliyechomelea bila kioo na kuamka usiku macho yanawaka asitie maziwa wala mkojo. Aende kwa mganga.

Na ndugu anayependa lutuku, ujue hili: pombe iliyochanganywa na spiriti mbaya inaweza kukata macho kwa siku moja, na isiyarudishe. Chupa ambayo huijui ilikotoka, iache.

Mama wa nyumbani, wewe una kazi yako pia. Osha nyuso za watoto kila siku, fukuza nzi, funika takataka. Wape mboga za majani, mawese mekundu na ndakala. Vyakula hivyo vinalinda macho. Na mkono wa mtoto usikaribie chokaa, asidi ya betri wala sindano.

KAZI YA KUANZA NAYO

Usingoje mpaka mtu mkubwa atangaze. Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta majina ya askari wazee wasioona katika kartie yako, na uandike pia majina ya wajane wao na watoto wanaowaongoza. Pili, muulize mwuguzi wa dispensari ni lini mganga wa macho anapatikana. Tatu, kaa na wenzako sita, muanze kamati.

Hata kama safari yenu itakuwa ya pikipiki 10 tu, inatosha kwa mwanzo. Mzee mmoja akifunguliwa jicho moja, atamwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Na asubuhi ya pili yake, yule mtoto atachukua daftari lake na kwenda masomoni peke yake, mbio, kama watoto wengine.

Vaa miwani. Funga kofia. Toa ulicho nacho.